Kung'arisha matairi ya pikipiki: Urembo unaohatarisha abiria

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waendesha bodaboda wanaufahamu vema msemo huo, ndiyo maana wengi wao huanzia sehemu ya kuoshea magari kabla ya kwenda kijiweni, wakatoka hapo na pikipiki safi yenye matairi meusi yanayometameta.

Kinachoyafanya matairi hayo yametemete ni dawa ya kung'arisha, ambayo muoshaji huipaka kwa sponji, mara nyingine kama nyongeza tu ya kumfurahisha mteja. Hata hivyo, nyongeza hiyo inaweza kumgharimu abiria maisha yake.

Dawa nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa silikoni au kwa mafuta yatokanayo na petroli. Silikoni ni kilainishi, na kazi ya kilainishi ni kupunguza msuguano. Ni msuguano huo huo unaoliwezesha tairi kuishika barabara.

Kwa gari, hatari ni ndogo kiasi, kwa kuwa ubavu wa tairi lake haukanyagi lami. Pikipiki haiko hivyo. Ili ikate kona ni lazima ilale upande, na inapolala hukanyaga kwa ukingo wa tairi, jirani kabisa na ubavu uliopakwa dawa.

Aidha, eneo la tairi la pikipiki linalogusa barabara kwa wakati mmoja halizidi sana kiganja cha mkono. Gari lina maeneo manne ya namna hiyo, pikipiki ina mawili tu. Moja likiteleza, dereva na abiria wake huwa chini kabla hawajatambua kilichotokea.

Dawa hiyo haitulii ilipopakwa. Tairi linapozunguka kwa kasi, huirusha kuelekea kwenye kashata na kwenye breki. Pedi za breki zikishalowa mafuta hupoteza uwezo wa kushika, na mara nyingi dawa yake ni kuzibadilisha. Mvua nayo haisaidii, kwani silikoni haiondolewi na maji matupu.

Anayetumia dizeli au oili chafu badala ya dawa ya dukani huongeza tatizo, kwa sababu mafuta hayo hulainisha na kuvimbisha mpira wa tairi.

Watengenezaji wengi huonya kwenye kopo kwamba dawa isipakwe kwenye kashata wala kwenye matairi ya pikipiki. Tatizo ni kwamba onyo hilo mara nyingi huandikwa kwa lugha ya kigeni na kwa herufi ndogo, wakati anayeipaka ni kijana anayelipwa kwa idadi ya vyombo alivyoosha.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021 duniani kote, na asilimia 21 kati yao walikuwa watumiaji wa vyombo vya magurudumu mawili na matatu.

Hapa nchini, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kiwe katika hali nzuri kinapotumika. Askari anaweza kuliona tairi lililoisha kashata. Tairi lenye utelezi wa dawa, kinyume chake, huonekana zuri kuliko mengine yote. Kwa sababu hiyo, udhibiti hauna budi kuanzia kwa muoshaji, mwenye chombo na dereva.

Tairi la pikipiki linahitaji maji, sabuni na brashi tu. Lililokwishapakwa dawa lisuguliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zaidi ya mara moja, kisha dereva ajaribu breki taratibu akiwa peke yake kabla ya kupakia mtu.

Abiria naye, akiona tairi linang'aa kama kiatu kipya, ana haki ya kuuliza limepakwa nini.