Kabla ya 1948

Nikisikia "msichanganye siasa na michezo", nauliza: aliyeanza kuchanganya ni nani?

Mwaka 1894 timu ya kriketi ya Afrika Kusini ilizuru Uingereza kwa mara ya kwanza. Krom Hendricks, mrusha mpira hodari aliyesifiwa na Waingereza wenyewe walipocheza naye Cape Town mwaka 1892, aliachwa kwa sababu ya rangi yake. Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Koloni la Rasi, aliafiki.

Mwaka huohuo Rhodes alipitisha Sheria ya Glen Grey: mwanamume Mwafrika asiye na shamba, asipotoka wilayani kufanya kibarua, alidaiwa kodi ya shilingi 10.

Kwa hiyo makaburu wa 1948 walikuta shamba limekwishalimwa. Anayedai uwanja hauna siasa anatetea orodha ileile ya wachezaji.