Uyoga wa Vichuguu na Familia Iliyohamishwa

Mvua za kwanza zinaponyesha, Machi kusini mwa Uganda na Aprili kaskazini, kumbikumbi ndio wajumbe wake. Usiku huzizunguka taa za nyumba za askari, na asubuhi mabawa yao hukutwa yametapakaa milangoni huku watoto wakishindana kujaza mabakuli. Katika majuma hayo hayo akina mama wenye uzoefu huamka alfajiri, kabla jua halijakaza, wakashika vikapu na visu vidogo, wakaelekea penye vichuguu. Hao wanafuata uyoga.

Uyoga huo hauoti ovyo. Mchwa ni wakulima hodari. Hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna, kisha huvijenga chini ya ardhi kuwa masega mepesi mfano wa sifongo, na juu ya masega hayo hustawisha ukungu unaowalisha. Ardhi ikilowa vya kutosha, ukungu hutuma juu shina refu kama mzizi, na kofia yenye ncha ngumu katikati hutoboa udongo mpaka ikaliona jua. Ndiyo sababu mchumaji mwenye adabu hukata usawa wa ardhi. Anayechimba hadi chini analivunja shamba ambalo hakulilima yeye.

Jamii za uyoga huu ni nyingi. Katika Zambia iko moja ambayo kofia yake huweza kukaribia upana wa mita 1. Iko nyingine ndogo, kofia yake haizidi sana upana wa kidole gumba, ambayo Waganda huiita obutiko obubaala. Hiyo huchipua kwa mamia mahali mchwa walipoyatoa masega yao nje na kuyatandaza, na huonekana kwa mbali kama unga uliomwagika. Katika Buganda uko pia ukoo wa Butiko, ambao mkuu wake huitwa Ggunju, na mwiko wa ukoo huo ni uyoga wenyewe. Kwa hiyo askari wa ukoo huo akilirudisha bakuli bila kuonja, mwenyeji asidhani kwamba amedharauliwa.

Lakini jambo linalozihusu zaidi familia za askari na polisi ni uhamisho. Mke wa koplo aliyelelewa Masaka alifundishwa uyoga na bibi yake tangu utotoni, naye huujua kama anavyozijua nyuso za ndugu zake. Barua ya uhamisho inakuja. Familia inapanda lori na vyombo vyake, inashuka katika kambi ya mbali. Mvua inanyesha, na pembezoni mwa uwanja wa gwaride, penye nyasi fupi, unatokea uyoga mkubwa, mweupe, mnono. Watoto wanashangilia. Mama anauona kuwa ni ule ule wa nyumbani.

Huenda si ule. Upo uyoga wa sumu unaopenda hasa nyasi zilizokatwa, na umeenea katika nchi nyingi za joto. Kofia yake ni nyeupe yenye magamba ya kahawia, na shina lake lina pete. Ukiwa mchanga, mikunjo iliyo chini ya kofia ni myeupe na haimshtui mtu. Ukikomaa huwa na rangi ya kijani. Aulaye hutapika na kuharisha vikali baada ya saa 1 hadi 3, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini upesi sana. Ukitaka kuutambua, weka kofia iliyokomaa juu ya karatasi nyeupe, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Uyoga wa mchwa huacha vumbi lenye wekundu hafifu. Huo wa nyasi huacha vumbi la kijani. Hata hivyo jaribio hilo humfichua adui huyo mmoja tu.

Uko ulio mbaya kuliko huo. Mwaka 2021 familia moja ya Kiafghani, iliyokimbia vita na kupokewa katika kituo cha wakimbizi karibu na Warsaw, nchini Poland, ilipika uyoga uliochumwa msituni. Watoto wawili, ndugu wa miaka 5 na 6, walifariki. Mwaka 2015 pia hospitali za Ujerumani ziliwapokea wakimbizi wengi waliokula uyoga huo huo wa Ulaya, unaofanana na ule mwema wa makwao. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu ya kweli, ila ilikuwa elimu ya nchi nyingine.

Sumu ya uyoga huo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaushwa. Humkawiza mtu saa 6 hadi 24 kabla ya kutapika, kisha humpa nafuu ya uongo ya siku moja au mbili, huku ini likiharibika. Basi atapikaye saa nyingi baada ya mlo wa uyoga asisubiri kupona nyumbani, na wote waliokula naye waende hospitali pamoja, wakichukua mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa.

Ziko pia kinga za uongo ambazo husafiri kutoka kambi hadi kambi: eti sarafu ya fedha hugeuka nyeusi ndani ya sufuria yenye sumu, eti vitunguu hubadilika rangi, eti uyoga ulioliwa na wadudu humfaa binadamu. Hakuna hata moja iliyo kweli. Wala kuota karibu na kichuguu si hati ya usalama. Mgeni na amtafute mama mzee wa mahali hapo, aende naye msimu mzima, achume aina moja tu anayoonyeshwa, asichanganye aina mbili katika kikapu kimoja.

Hata ulio mwema una masharti yake. Ulaya na Marekani watu huingia misituni majira ya machipuko kutafuta uyoga wa morel, wenye kofia ya vishimo kama sega la nyuki, nao huuzwa kwa bei kubwa. Mwaka 2023, katika jimbo la Montana, watu 51 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula morel mbichi au isiyoiva sawasawa katika mkahawa mmoja.

Uyoga wa kichuguu na uoshwe mchanga kwa maji mara tatu, kwa kuwa udongo wa mchwa hung'ang'ania. Ukiwa mwingi, uanikwe juu ya ungo mpaka ukauke na kukatika kwa sauti. Wakati wa kupika hulowekwa, hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, kisha huongezwa karanga zilizosagwa na kuachwa juu ya moto mdogo hadi mafuta ya karanga yajitenge. Huliwa kwa matoke au posho, na bakuli la kwanza hupelekwa kwa yule mama mzee aliyeonyesha kichuguu.