Waje na Matulo pia

Mwandishi wa makala ya mahindi ya GMO, umeisahau Kitale. Mahindi yaliyotiwa jeni ya bakteria wa udongoni ili yajikinge na viwavi wanaotoboa mabua yalijaribiwa huko na KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo, si mbali na kwetu Matulo. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku ya 2012 dhidi ya vyakula vya GMO, kesi za kupinga uamuzi huo zikafuata Nairobi, na mama mwenye nusu ekari hapa akayasikia hayo yote redioni tu. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe. Wananchi gani, wa mikutano ya hotelini? Wataalamu, njooni kwenye baraza la chifu mtueleze, hata kwa Kibukusu, mbegu itauzwa bei gani na kama tutaruhusiwa kuhifadhi ya msimu ujao.