Mboya si Mhusika Bapa

Hapa Shauri Moyo, Tom Mboya husimuliwa kama mhusika bapa: shujaa, basi. Wapinzani wake walimsuta kwa fedha za wafanyakazi wa Marekani zilizosaidia kujenga jumba la Solidarity, hapo jirani kwenye barabara ya Digo. Kwangu hilo ni dogo. Zito ni kwamba mtu aliyejipatia sifa mwaka 1955 kwa kuwapatanisha makuli wa Mombasa na waajiri wao, tena kwa nyongeza nono ya mshahara, ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani ulipotiwa saini na mgomo kuwekewa mipaka. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969, na tangu hapo tunaona haya kuuliza kama makuli wale walishauriwa.