Majina Tunayowapa Wanagenzi

Mnamo 1975 hivi, mtu aliyekaa mbele ya kompyuta za MIT, Marekani, zilizoendeshwa kwa mfumo wa ITS, alionyeshwa idadi ya watumiaji waliokuwamo. Mdukuzi mmoja akaichokonoa programu, na pale penye "watumiaji" (users) pakasomeka "washindwa" (losers). Waliotukanwa wakalalamika. Wadukuzi wakavutana kichinichini, huyu akirekebisha, yule akibadilisha tena, hadi ikazuka suluhu: "luser", neno ambalo kwa macho ni mtumiaji na kwa sikio ni mshindwa. Likabaki.

Upande huo wa utamaduni wa wadukuzi naukataa, ingawa utamaduni wenyewe nauheshimu sana. Wadukuzi ninaowasema si wezi wa nywila, bali wale wanaopenda kuijua mashine hadi ndani. Kamusi yao ya misimu, Jargon File, iliyoanzishwa na Raphael Finkel huko Stanford mwaka huohuo wa 1975, ina jina jingine kabisa kwa anayeanza: yumo katika hatua ya buu. Ni kipindi cha miezi sita hadi miaka miwili, mtu anaposahau kula, kulala na hata kuoga kwa sababu ya programu. Jina hilo linachekesha, lakini halimfukuzi mtu. Linakiri kwamba kila mjuzi amepita hapo.

Kuna dharau ninayoielewa. "Skripti kidi" ni yule anayefyatua programu za mashambulizi zilizoandikwa na wengine, asijue zinavyofanya kazi. Februari 2000, kijana wa Kanada wa miaka 15 alizilemea tovuti za Yahoo!, eBay na CNN, na wajuzi hawakumhesabu kuwa mwenzao. Walikuwa na haki: mtu wa namna hiyo hatafuti kujua.

Kosa ni kummwagia dharau hiyohiyo anayeuliza. Zamani wanafunzi wapya wa vyuo vikuu waliingia Usenet, mtandao wa mijadala, kila Septemba, wakauliza ya kuuliza, wakafundwa, na baada ya wiki kadhaa wakawa wenyeji. Kati ya 1993 na 1994, kampuni ya intaneti ya AOL ilipowafungulia wateja wake mlango wa Usenet, wageni wakawa hawaishi kuja. Wakongwe wakaiita Septemba isiyokwisha. Kufunda kukawachosha, na "nyubi", yaani mgeni tu, akazidi kugeuzwa "nubu", mtu wa kuzomewa. Nawahurumia wakongwe wale. Lakini aliyefika usiku wa manane na swali lake la kwanza hakujua kwamba ni wa elfu kumi kuliuliza. Mwaka 2018 hata Stack Overflow, jukwaa kubwa la maswali ya waandika programu, lilikiri hadharani kwamba haliwakaribishi wageni ipasavyo.

Ndiyo maana, kuanzia toleo hili, kurasa zetu za maswali zinarudi. Swali lililokwisha kujibiwa litajibiwa tena, na anayeuliza hataambiwa akasome kwanza matoleo ya nyuma.