Gunia la maharage lina mali ambayo mizani haiioni

MKULIMA wa Mbozi, Karatu au Lushoto anapopeleka maharage sokoni, mnunuzi hutazama mambo matatu: rangi, ukubwa wa punje na kama yametobolewa na fukusi. Bei hutokana na hayo, na mazungumzo huishia kwenye mizani.

Lakini ndani ya punje hiyo hiyo kuna kitu ambacho maabara za hospitali na vyuo vikuu duniani hukinunua kwa miligramu. Ni protini iitwayo fitohemaglutinini, ambayo wataalamu huifupisha kuwa PHA. Hupatikana kwa wingi zaidi katika maharage mekundu.

Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa maharage barani Afrika. Hata hivyo, PHA inayouzwa kwenye maabara za dunia hutengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni za Ulaya na Marekani. Swali la kujiuliza ni hili: je, hapo kuna biashara, na kama ipo, ni ya nani?

Kwanza tuelewe bidhaa yenyewe. PHA ni ya kundi la protini ziitwazo lektini, ambazo kazi yake ni kushika sukari. Si sukari ya chai, bali vipande vidogo vya sukari vilivyo juu ya ngozi ya kila seli, mithili ya namba za nyumba mlangoni. Kila lektini ina namba zake inazozitambua.

Historia yake ilianzia shambani. Mwaka 1888, Peter Hermann Stillmark, akiwa Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu nchini Estonia, aliona kuwa protini kutoka mbegu za nyonyo hufanya chembe nyekundu za damu zigandamane. Jina lektini lilikuja mwaka 1954 kutoka kwa Mmarekani William Boyd, aliyelitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, kwa sababu baadhi ya protini hizi ziliweza kutofautisha makundi ya damu.

Kwa miaka kadhaa PHA ilikuwa kama chekecheo tu. Mtaalamu aliitia kwenye damu ili chembe nyekundu zishikamane na kuzama, naye abaki na chembe nyeupe.

Mwaka 1960, Peter Nowell wa Philadelphia aligundua jambo ambalo halikutarajiwa. Chembe nyeupe zilizokaa na PHA zilianza kugawanyika, wakati iliaminika kwamba chembe hizo zikishakomaa hazizaliani tena.

Ugunduzi huo ulibadili mambo. PHA hushika sukari zilizo juu ya seli T, ambazo ni askari na pia makamanda wa kinga ya mwili, na kuziamsha kana kwamba zimekutana na adui. Kuanzia hapo watafiti waliweza kuona kinga ikifanya kazi ndani ya kichupa: seli zinavyoongezeka, zinavyotoa kemikali za kuitana na zinavyotulizwa. Mwaka 1983, wanasayansi wa Institut Pasteur mjini Paris walipokuwa wakitafuta kirusi cha Ukimwi, walitumia PHA kuamsha seli za mgonjwa katika maabara.

Ikumbukwe kwamba hata mwili wa binadamu una lektini zake. Zipo zinazotambua sukari za vijidudu na kuita msaada, na ipo galektini-1 ambayo hutuliza seli T ili vita visiendelee baada ya adui kushindwa. Kinga bora ni ile inayojua kuanza na kujua kuacha, na lektini zina mkono katika yote mawili.

Matumizi ya PHA yanatugusa pia sisi wenye mzigo wa kifua kikuu. Kipimo cha damu cha QuantiFERON, kinachoonyesha kama mtu ana maambukizi ya ugonjwa huo, huwa na kichupa kimoja chenye PHA. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba seli za mgonjwa bado zina uwezo wa kujibu. Zisipojibu PHA, jibu hasi la kipimo haliaminiki, kwani huenda kinga yenyewe imelala.

Wafugaji nao wamo. Watafiti wa kuku huchoma PHA kidogo chini ya ngozi ya bawa au upanga na kupima uvimbe, ili kulinganisha kinga ya ndege wa mbegu au lishe tofauti.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi huweza kupotea. Gunia la kilo 100 lina takribani kilo 20 za protini. Tukikadiria kwa tahadhari kwamba asilimia mbili tu ya protini hiyo ni lektini, tunapata gramu 400. Tuseme nusu inapotea katika kusafisha, zinabaki gramu 200. Zikifungwa katika vichupa vya miligramu tano, ni vichupa 40,000.

Kutoka gunia moja! Anayesikia hesabu hiyo anaweza kukimbilia kuandika mradi wa kulima eka maelfu za "maharage ya maabara". Asifanye hivyo. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mahitaji ya maabara nyingi sana yanaweza kutoshelezwa na magunia machache. Hakuna soko la kumpa kila mkulima bei mpya.

Tumeshapita njia hiyo. Kati ya mwaka 2005 na 2010 tulihubiriwa mbono kaburi kuwa dhahabu ya kijani, na wengi waliopanda hawakuona dhahabu hiyo. Miaka michache baadaye wakaja kware. Kila mara kosa lilikuwa moja: kuangalia bei ya mwisho bila kuuliza wanunuzi ni wangapi na wanataka kiasi gani.

Kichupa cha PHA hakina bei kwa sababu ya maharage yaliyomo. Bei inatokana na usafi, vipimo vinavyothibitisha kuwa kila toleo linafanya kazi sawa na lililotangulia, cheti, na jina la kampuni linaloaminika. Kwa maneno mengine, kinachouzwa ni ujuzi. Udongo wetu hauna upungufu. Upungufu uko kwenye maabara.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kuongeza maabara, si eka. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina wataalamu wa maharage na wa mifugo katika mji mmoja wa Morogoro. Kutoa lektini kwenye maharage ni kazi inayofahamika kwa miongo mingi: kuloweka, kusaga, kuchuja, kugandisha protini kwa chumvi na kusafisha. Tuanze kwa kutengeneza PHA ya kufundishia wanafunzi na ya utafiti wa mifugo, ambayo haihitaji vyeti vizito kama ya kupimia wagonjwa. Tukishaaminika, tupande ngazi.

Mkulima atanufaikaje? Si kupitia kichupa, bali kupitia ghala na unga.

Tuanze na ghala. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Marekani walikuta kwenye maharage mwitu ya Mexico protini iitwayo aselini, ndugu wa karibu wa PHA, inayozuia fukusi kustawi ndani ya punje. SUA kwa kushirikiana na Oregon State University wamekuwa wakifanya kazi ya kuingiza kinga ya jamii hiyo katika maharage yanayolimwa. Mkulima anayeuza haraka baada ya mavuno kwa kuogopa fukusi anauza wakati bei iko chini kabisa. Mbegu inayomwezesha kusubiri miezi minne inamwongezea kipato bila kuongeza hata jembe moja.

Pili ni unga. PHA inayoamsha seli kwenye kichupa ni sumu tumboni. Punje nne au tano za maharage mekundu mabichi zinatosha kumfanya mtu atapike ndani ya saa chache. Maharage mabichi ya aina hiyo huwa na vipimo 20,000 hadi 70,000 vya PHA, lakini yakichemshwa hadi kuiva hubaki 200 hadi 400. Yakipashwa kwa moto wa nyuzi 80 tu bila kuchemka, sumu inaweza kuongezeka hadi mara tano.

Mama wa nyumbani anayechemsha maharage hadi yalainike hana cha kuogopa. Mwenye wasiwasi awe msindikaji mdogo anayesaga maharage makavu na kuyachanganya kwenye unga wa lishe wa watoto. Moto mkavu wa kukaanga hauiui sumu hii vizuri kama maji yanayochemka. Njia salama ni kuloweka saa tano, kumwaga maji, kuchemsha kwa nusu saa katika maji mapya, kisha kukausha na kusaga. SIDO wanaofundisha wasindikaji na TBS wanaopima bidhaa walipe jambo hili uzito.

Na atakapotokea mtu kuuza unga wa maharage mabichi kwa madai kuwa "unaamsha kinga", jibu liwe tayari. Kinachoamka ndani ya kichupa si kinachotokea tumboni.

Maabara inayoweza kusafisha PHA ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuipima katika unga, na kumsaidia mtafiti wa mbegu kujua ni mmea upi umebeba aselini. Uwekezaji ni mmoja, wateja ni watatu: hospitali, msindikaji na mzalishaji mbegu. Ada za kupima unga zinaweza kulipia umeme na kemikali wakati soko la vichupa likijengwa taratibu.

Haba na haba hujaza kibaba. Hatuhitaji kiwanda kikubwa wala shamba jipya ili kuanza. Tunahitaji meza moja ya maabara yenye bajeti isiyokatika kila mwaka, na gunia moja la maharage mekundu. Gunia tunalo.