Masharti ya mikopo yatangazwe

Mwaka 2013 Serikali ilikopa dola milioni 600 kupitia benki ya Stanbic ya hapa nchini na mwenzake Standard ya London. Asilimia moja ikaenda kwa kampuni ya wakala. Darasani hesabu hiyo ni nyepesi: dola milioni 6! Novemba 2015, kwa idhini ya mahakama ya London, Standard, iliyotuhumiwa kushindwa kuzuia rushwa, ilikubali kuilipa Tanzania fedha hizo pamoja na riba.

Madeni ya taifa hulipwa kwa kodi za wote, hata mvuvi na mkulima wa minazi wa Mafia. Naiomba Wizara ya Fedha itangaze kwa Kiswahili riba na ada ya wakala kabla ya kutia saini mkopo wowote. Mlipaji ana haki ya kujua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mafia.